Wimbo wa Kijiti na Swali la Ridhaa

Katika Zanzibar ya miaka ya 1920 zilitolewa hukumu mbili juu ya kisa kimoja. Ya kwanza ilitoka mahakamani, chini ya himaya ya Waingereza. Ya pili aliitoa Siti binti Saad kwa wimbo. Leo ile ya kwanza inakumbukwa kwa sababu tu ya ile ya pili.

Kisa chenyewe tunakipata katika wimbo wa "Kijiti" na katika utafiti wa mwanahistoria Laura Fair, aliyewahoji wazee wa Unguja. Mwanamke mgeni, naye mjamzito, alitoka usiku pamoja na Kijiti na wanawake wengine kwenda ngomani Chukwani, kinywaji kikiwa kapuni. Hakurudi hai. Alinajisiwa, akauawa, na kiumbe kilichokuwa tumboni kikafa naye. Kijiti akavuka bahari kwenda bara. Waliofungwa ni wanawake wawili waliotoa ushahidi, kwa ajili ya ile pombe.

Kila mwaka ninapoufundisha wimbo huu, wanafunzi hustaajabu kwamba Siti hakumtakasa marehemu. Mtunzi mwenye woga angemchora kama mke mtulivu aliyetekwa njiani akitoka kisimani. Siti hakufanya hivyo. Wimbo unasema kwa sauti ya "sisi", sauti ya wale wanawake wenyewe: unakiri kwamba walitoka bila kuaga, na unaitaja pombe waziwazi. Kisha unamlaani Kijiti bila kumpunguzia hata chembe, na kumwonyesha jaji akifoka mezani pake dhidi ya mashahidi. Yule mwanamke aliridhia ngoma. Pengine aliridhia na kinywaji. Hapo ndipo ridhaa yake ilipokomea. Mahakama ilipima mwenendo wa wanawake, wimbo ukapima kitendo cha mwanamume.

Tusisahau aliyeimba alikuwa nani. Siti alizaliwa Fumba, katika ukoo wenye asili ya utumwa, na hakuwa na elimu ya shule. Mwaka 1928 yeye na wenzake walikwenda Bombay kurekodi santuri, na sauti yake ikaenea mwambao mzima. Watu wa Ng'ambo, ambao Kiingereza cha mahakama hakikuwahusu, walikuwa na kumbukumbu yao ya kesi, na waliiimba.

Tanzania Bara ilipata Sheria ya Makosa ya Kujamiiana mwaka 1998, inayosema kwamba ridhaa iliyopatikana kwa vitisho si ridhaa. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, ikaitaja rushwa ya ngono kuwa kosa. Maandishi ni mazuri. (Watumishi wa umma mnaonisoma mnajua umbali uliopo kati ya kifungu na faili.)

Niliwahi kuketi katika kikao cha nidhamu cha chuo kimoja, mlalamikaji akiwa binti wa mwaka wa pili. Aliulizwa kwa nini alikwenda ofisini jioni, kwa nini alijibu ujumbe wa simu, alikuwa amevaa nini. Muhtasari wa kikao ulijaza kurasa tatu kwa majibu yake. Tishio la mwalimu kuhusu alama za mtihani lilipewa mstari mmoja, tena ukurasa wa mwisho.