Kichwa Kimoja, Trela Gani?

Mjomba ameendesha malori ya watu kwa miaka kumi na tisa. Mwaka huu aliuza ploti yake ya Isinya, akanunua kichwa cha lori cha mtumba na kukiegesha Kitengela, nyuma ya gereji moja kando ya barabara ya Namanga. Kichwa bila trela ni bodaboda ya bei ghali. Hela iliyobaki inatosha trela moja tu. Akikosea, hakuna ploti nyingine.

Akaniuliza mimi. "Wewe si ulisoma historia?" Nilisoma, ndio, semesta nne, halafu karo ikakatika. Sikuwa na uso wa kumwambia kwamba historia haijui bei ya tairi. Nikaenda kuchimba, na nikakuta Kajiado imekuwa ikijibu swali lake kwa zaidi ya miaka mia moja.

Tuanze na Magadi. Kampuni ya kuvuna magadi iliundwa 1911, na kufikia 1915 reli ya kutoka Konza hadi ziwani ilikuwa tayari, ikipitia mji wa Kajiado. Fikiria hiyo: reli nzima kwa sababu ya mzigo mmoja. Iliwezekana kwa kuwa aliyehitaji reli ndiye aliyekuwa na mzigo, na mzigo wenyewe haungehama. Ukiwa na ziwa, unaweza kununua chombo cha kazi moja. Mjomba hana ziwa.

Halafu ikaja kontena. Mmarekani Malcom McLean alianza biashara ya usafirishaji kwa lori moja la mtumba miaka ya 1930, yaani mtu kama Mjomba tu. Aprili 1956 meli yake, Ideal X, iliondoka Newark kwenda Houston na kontena 58. Baada ya hapo trela haikuhitaji tena sakafu wala kuta. Ilitosha mifupa ya chuma na kufuli za kushika kontena pembeni. Hiyo ndiyo skeletoni: nyepesi, na inapakiwa kwa dakika chache. Kwa dereva wa njia ya Mombasa kwenda Nairobi au Kampala, ilionekana kama jibu la kila kitu.

Hadi serikali ilipobadilisha swali. Januari 2018 treni za mizigo za SGR zilianza kazi. Agosti 2019 likatoka agizo kwamba kontena za kuja Nairobi na kuendelea bara zipande reli. Mombasa watu wakaandamana, agizo likasitishwa. Novemba 2020 Mahakama Kuu ikafuta maagizo hayo. Septemba 2022, siku ya kuapishwa kwake, Rais Ruto akatangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo bandarini zinarudi Mombasa. Skeletoni ni ile ile, barabara ni ile ile, lakini kila tangazo lilibadilisha thamani ya chuma cha mtu aliyekopa kukinunua.

"Basi nichukue tipa," Mjomba akasema. Wazo si baya. Huku kwetu ni saruji, mchanga, kokoto na mawe ya chokaa. Safari ni fupi, na usiku unalala kwako. Lakini trela ya tipa ni nzito hata ikiwa tupu, na mizani ya Athi River haikuonei huruma. Kwa sheria ya Afrika Mashariki, lori la ekseli sita kama lake linaruhusiwa tani 50: nane mbele, 18 kwa ekseli mbili za nyuma ya kichwa, 24 kwa tatu za trela. Uzito wa chuma chenyewe umo humo. Kila tani ya trela ni tani moja ya mzigo usiolipwa. Tena tipa hurudi tupu. Nani atakupa kokoto za kurudi nazo?

Imebaki flatbedi, ile sakafu tupu. Inabeba saruji ya mifuko, vyuma na mabomba. Ukichomelea kufuli, inabeba kontena. Ukiweka mbao za pembeni, inarudi kutoka Namanga na vitunguu au mahindi. Shida zake zipo: turubai, kamba, kupakia kwa mkono, mvua. Lakini kumbuka Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumu ya kuvu. Malori yalikwama mpakani. Katazo lililegezwa baada ya siku chache, kwa masharti. Mwenye flatbedi angeweza kutafuta mzigo mwingine.

Simaanishi flatbedi ni bora kwa kila mtu. Ukiwa na mkataba wa kweli wa kontena, skeletoni itakulipa vizuri zaidi. Kitu ninachoona kwenye historia hii ni kwamba chombo cha kazi moja humfaa mwenye mzigo. Anayengoja kuitwa anahitaji chombo kinachoweza kubadilika, kwa sababu reli, mahakama na mpaka havimpigii simu kwanza.

Nilimwambia Mjomba hivyo Jumapili, tukinywa chai. Alinyamaza kitambo. Halafu akatoa simu, akampigia fundi: "Kuweka kufuli za kontena kwa flatbedi ni pesa ngapi?"

Bei ilimfanya akohoe. Lakini hakukata simu.