Fahamu: Ishara namba 1 ya prosesa, kipimo kinachoziumbua mashine pepe

App nyingi unazotumia kwenye simu, upande wa seva zinakaa ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta za kiprogramu zinazogawana prosesa moja. Msimamizi wake ni programu iitwayo haipavaiza, kama KVM, Xen au Hyper-V. Kazi yake ni kuifanya kila mashine pepe ijione iko peke yake kwenye prosesa halisi.

Je, inaiweza? Mahali pazuri pa kuibana ni kwenye ishara ya debagi.

Kwenye prosesa za x86 za Intel na AMD, hii ni ishara namba 1. Anayesaka hitilafu kwenye programu anaweza kuweka anwani nne za kumbukumbu kwenye rejista DR0 hadi DR3. Ikiguswa mojawapo, prosesa inasimama na kutoa ishara. Anaweza pia kuwasha biti moja tu, bendera ya mtego, na prosesa itasimama baada ya kila amri.

Sasa kasheshe inaanzia hapa. Amri ya CPUID, inayoiuliza prosesa ni ya aina gani, kwenye Intel mashine pepe haiachiwi kuimaliza yenyewe. Haipavaiza inaidaka, inatoa jibu, kisha inairudisha mashine kazini. Kama bendera ya mtego imewashwa, haipavaiza inatakiwa ikumbuke kutoa ishara. Ikisahau, ishara inachelewa kwa amri moja.

Kipimo chenyewe ni kifupi. Unawasha bendera, unaweka CPUID, halafu NOP, amri isiyofanya chochote. Ishara ikitokea mara tu baada ya CPUID, safi. Ikitokea baada ya NOP, haipavaiza imechemka. Mradi wa kvm-unit-tests una faili zima la vipimo vya aina hii, debug.c, na vinaendeshwa kwenye mashine pepe isiyo na hata Linux ndani yake.

Wahalifu nao wanaijua mbinu hii. Mwaka 2021 watafiti wa Palo Alto Networks walieleza jinsi programu hasidi zinavyoitumia kugundua kuwa zinachunguzwa ndani ya mashine pepe.

Lakini kuna makosa mabaya kuliko kuchelewa. Novemba 2015 ilitangazwa CVE-2015-8104, na kwa Xen ikapewa jina XSA-156. Mteja mmoja aliweza kuweka mtego juu ya kumbukumbu ambayo prosesa huigusa wakati wa kuipeleka ishara yenyewe. Ishara moja inazaa nyingine, hiyo inazaa nyingine, na prosesa inazunguka bila kurudi kwa haipavaiza. Seva inaganda, na wateja wengine waliomo humo wanaganda nayo. Dawa ikawa haipavaiza kuidaka ishara hiyo kila inapotokea.

Mei 8, 2018 likaja jingine, CVE-2018-8897. Nick Peterson na Nemanja Mulasmajic walionyesha kuwa amri za MOV SS na POP SS huchelewesha ishara hadi amri inayofuata imalizike. Amri hiyo ikiwa ya kuingia kwenye kernel, ishara inalipuka ndani ya kernel, mahali ambapo waandishi wake hawakuitarajia. Windows, Linux, macOS, FreeBSD na Xen zote zilinaswa, kumbe maelezo ya watengenezaji wa prosesa yalikuwa yameeleweka vibaya. KVM ilipewa namba yake, CVE-2018-1087, kwa sababu programu ya kawaida ndani ya mashine pepe ingeweza kuiangusha mashine hiyo au kujipandishia mamlaka humo.