Mdomo wa Boneti: Intakula Ilivyofika Unguja

Gari zinazopita Darajani siku hizi nyingi hazina siri. Vitz, IST, Noah, Alphard ya kubebea watalii. Lakini haipiti saa bila kupita moja yenye tundu pana juu ya boneti, mfano wa mdomo uliosahauliwa wazi. Mara nyingi ni Subaru, Impreza au Forester. Pengine ni Prado ya dizeli ya miaka ya 1990. Wapo wanaodhani tundu lile ni pambo. Wapo wanaoapa kwamba ndimo injini inamovutia pumzi. Wote wamekosea. Hewa inayoingia pale haifiki ndani ya silinda hata chembe. Kazi yake ni kupuliza sanduku la aluminiamu lenye mapezi membamba lililolala chini ya boneti, ambalo mafundi wanaliita intakula.

Intakula hupoza hewa ambayo turbo imeshaibana. Turbo yenyewe ni magurudumu mawili ya mapanga kwenye mhimili mmoja. Moja huzungushwa na moshi wa ekzosi, na jengine huvuta hewa na kuishindilia ndani ya injini. Ikishika kasi, huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Hewa ikishindiliwa hivyo hupanda joto, hakuna namna. Chukua mchana wa kaskazi, mwezi wa Februari, nyuzi 32 kivulini. Turbo ya gari ya kawaida ikiongeza presha ya hewa hiyo mara mbili, itaitoa ikiwa na nyuzi kama 130 hivi. Ikipita kwenye intakula nzuri na kushuka hadi nyuzi 50, katika nafasi ile ile sasa inaenea hewa zaidi kwa karibu robo. Nguvu ya gari inatoka hapo. Usalama wake pia, maana hewa ya moto kupita kiasi huifanya petroli iwake kabla ya wakati. Injini inaanza kugonga, na ikiachwa igonge, pistoni hutoboka.

Wazo la turbo lina umri wa reli ya Bububu. Mwaka 1905, wakati treni iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani ilipokuwa inaanza kupita pembeni mwa Ngome Kongwe kuelekea Bububu, mwendo wa maili 7, mhandisi wa Uswisi aitwaye Alfred Büchi alisajili hataza ya kutumia moshi wa injini kuisukumia injini hiyo hiyo hewa. Reli ile haikuona miaka 30. Barabara za magari ziliiua katika miaka ya 1920. Wazo la Büchi lilibaki, ila lilikaa muda mrefu mbali na barabara, kwenye meli, kwenye mitambo ya umeme na angani.

Angani ndiko lilikokomaa, na hilo linaeleza mengi. Rubani akipanda juu hewa hupungua, injini ikaishiwa nguvu. Mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss wa General Electric aliipandisha injini ya ndege aina ya Liberty hadi kilele cha Pikes Peak, mita kama 4,300 juu ya bahari. Bila turbo, nguvu yake ilianguka kutoka farasi 350 hadi 230. Kwa turbo, ilirudi kama iko pwani. Vita Kuu ya Pili ilipofika, kubana hewa kulishazidi kiasi cha kuachiwa joto lake. Rolls-Royce walipoijenga injini ya ndege ya Merlin 61 ya kubana hewa mara mbili mfululizo, walilazimika kuweka kipozeo kati ya mashine ya kubana na silinda. Ndege za Spitfire zilizofungwa injini hiyo mwaka 1942 ndizo zilizokwenda kukabiliana na Focke-Wulf za Wajerumani. Merlin ilizungusha mashine yake ya kubana kwa gia, haikutumia moshi, lakini joto halijali nani kaibana hewa.

Gari za abiria zilichelewa, na mwanzo wake ulikuwa wa kuchekesha. Mwaka 1962 Oldsmobile walitoa Jetfire, gari yenye turbo isiyokuwa na intakula. Badala yake walifunga tangi dogo la maji yaliyochanganywa na spiriti ya methanoli, yakawa yanapuliziwa kwenye hewa inayoingia ili kuipoza. Ilifanya kazi vizuri mpaka tangi likauke. Wenye gari walisahau kulijaza, gari ikajipunguzia nguvu, nao wakalalamika kwamba wameuziwa kitu kibovu. Mwaka 1963 Oldsmobile wakaachana nayo. Porsche nao walianza kuuza 911 Turbo katikati ya miaka ya 1970 bila intakula, wakaiongeza mwaka 1978, wakaificha chini ya bawa la nyuma. Audi Quattro ya mwaka 1980 ilitoka kiwandani nayo, na tangu hapo gari ya mashindano yenye turbo bila intakula ikawa kichekesho.

Watu wa Afrika Mashariki waliijua turbo kwa macho kupitia Safari Rally. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Unguja haikuwa njiani kamwe. Mwaka 1984 Björn Waldegård alishinda kwa Toyota Celica yenye turbo, na Celica zikarudia mwaka 1985 na 1986. Baadaye wakaja Subaru. Mkenya Patrick Njiru alimaliza wa nne mwaka 1994 kwa Impreza iliyokaribiana sana na ile ya dukani, na Colin McRae akashinda mwaka 1997. Vijana wengi wa pwani walioanza kuipenda Subaru waliipendea hapo, kwenye picha za gari ya buluu yenye bomba la hewa lililopandishwa hadi usawa wa paa ili isivute vumbi wala maji ya mito.

Lakini Safari ni mashindano ya bara. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na presha ya hewa yake ni pungufu ya ile ya Forodhani kwa zaidi ya asilimia 15. Kule turbo inafidia hewa ambayo haipo. Unguja hatuna shida hiyo. Hewa yetu ni nzito, tumekaa juu ya maji. Shida yetu ni joto, na juu ya joto kuna unyevu. Siku ya nyuzi 32 yenye unyevu wa asilimia 75, sehemu kama asilimia 3 na nusu ya kila pumzi ya injini ni mvuke wa maji, usiosaidia kuunguza kitu. Halafu kuna kanuni isiyo na rufaa: intakula inayopozwa kwa upepo haiwezi kuishusha hewa chini ya joto la nje. Mjerumani anaanzia nyuzi 10, sisi tunaanzia 32. Kwa maoni yangu, hapa ndipo historia iliyoandikwa Ulaya na Japani inapoacha kutufaa moja kwa moja, na hapa ndipo wanapoharibikiwa vijana wanaonakili gari za kwenye video.

Gari zenyewe zilitufikia kwa mlango wa ruksa. Mwaka 1984 Mzee Ali Hassan Mwinyi, akiwa Rais wa Zanzibar, alianza kulegeza masharti ya biashara, na alipokwenda kuongoza Muungano mwaka uliofuata akaendelea na ulegezaji huo bara. Katika miaka ya 1990 gari za mtumba za Japani zikamiminika, nyingine moja kwa moja, nyingine kupitia Dubai. Japani huendesha kushoto kama sisi. Tena sheria yao ya ukaguzi, ambao baada ya miaka 3 ya mwanzo hurudi kila miaka 2 na gharama zake si haba, humfanya mwenye gari aiachie ingali nzima. Na kipindi kile Japani walikuwa wamelewa turbo. Subaru Legacy RS ya mwaka 1989 ilikuwa na intakula ya kupozwa kwa maji. Impreza WRX ya mwaka 1992 ikaja na ile ya upepo juu ya injini, inayopulizwa kupitia mdomo wa boneti. Toyota walikuwa na injini ya 1JZ-GTE ya farasi 280, na katika Mark II za miaka hiyo intakula yake ilibanwa kwenye kona nyuma ya bampa.

Mpangilio wa Subaru una akili zake. Mabomba ni mafupi, turbo inajibu upesi, na maji ya mvua ya masika yakituama barabarani hayaifikii intakula kirahisi. Ubaya wake unaonekana hapa kwetu. Imelala juu ya injini yenyewe. Gari ikikwama kwenye msongamano wa Darajani saa saba mchana, hakuna upepo unaoingia tunduni, na joto la injini linapanda na kuikaanga kwa chini. Ukikanyaga mafuta unapopata njia, kwa dakika moja au mbili za mwanzo unaendesha gari nyonge. Waliotengeneza Impreza za STI waliijua kasoro hiyo, ndiyo maana zile za zamani zina swichi ya kunyunyizia maji juu ya mapezi. Kwenye unyevu wetu maji hayo hukauka taratibu kuliko yangekaukia Dodoma, kwa hiyo faida ni ndogo, lakini ipo.

Fundi anayeijua kazi yake akiletewa Subaru iliyolegea haanzi kwa kuuza kitu. Anafungua boneti na kukagua sponji nyeusi inayoziba nafasi kati ya tundu na intakula, maana ikiwa imechakaa upepo hupita pembeni. Anapapasa mipira ya mabomba akitafuta unyevunyevu wa oili, kwani mpira ulioachia hutoa oili kidogo kwenye ufa kabla haujatoa mlio. Anakaza klipu. Anaangalia mapezi kama yamelala au yameliwa na chumvi, jambo la kawaida kwa gari inayolala ufukweni. Mara nyingi kazi huishia hapo.

Wanaotaka makubwa huihamishia intakula mbele ya rejeta, ikawa inapigwa na upepo hata gari ikienda polepole. Ni jambo jema likifanywa vizuri, ingawa linaiziba rejeta nyuma yake, na kwa joto letu rejeta haina ziada ya kugawa. Ninachokiona kibaya zaidi ni lile chujio la koni linaloachwa uchi ndani ya boneti. Linatoa mlio mtamu, ndiyo sababu linanunuliwa. Boksi la chujio lililotoka kiwandani lilikuwa likivuta hewa ya nje nyuma ya taa. Koni inavuta hewa iliyozunguka kwenye ekzosi, ya nyuzi 60 na zaidi, halafu intakula inatakiwa ifanye miujiza. Mtu analipa kuingiza joto.

Intakula kubwa kuliko zote Unguja hazipo barabarani. Boti za mwendo kasi za Dar es Salaam, zikiwemo Kilimanjaro za Azam zilizojengwa Hobart, Australia, hutembea kwa dizeli zenye turbo, na joto la hewa inayobanwa hatimaye hutupwa baharini, kwenye maji ya nyuzi 25 hadi 30 yasiyokwisha na yasiyosubiri upepo. Nchi kavu nako, Unguja ilipokosa umeme Mei 2008 kwa takriban mwezi mzima, na tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 kwa hitilafu ya waya wa chini ya bahari, yalifungwa majenereta ya dizeli Mtoni, jumla megawati 25. Dizeli za majenereta kama hayo kwa kawaida huwa na kipozeo cha hewa. Waya wa pili wa mwaka 2013 uliyapunguzia kazi.

Sasa inakuja zamu nyingine ya gari. Toyota Harrier yenye turbo, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2017 na injini ya 8AR-FTS, imerudi kwenye njia ya Legacy ya 1989. Intakula yake hupozwa kwa maji yenye mzunguko wake mwenyewe, mbali na maji ya injini, yakisukumwa na pampu ndogo ya umeme. Juu ya boneti hakuna tundu. Pampu ile ikifa haipigi kelele, na mapezi ya kukagua hayaonekani. Mafundi wa mitaa ya Ng'ambo hapa mjini watahitaji kompyuta ya kusoma joto la hewa kabla ya spana.