Sarafu za Carausius na Historia ya Aliyeshindwa

Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Methali hii inalifaa sana somo la historia, kwa sababu maandishi mengi tuliyorithi kutoka zamani yaliandikwa na walioshinda au na watu waliotaka kuwafurahisha walioshinda. Katika insha hii nitachunguza habari za Carausius, aliyejitangaza kuwa Kaizari wa Roma huko Britania, yaani Uingereza ya leo, mwaka 286 na kutawala mpaka alipouawa mwaka 293. Hoja yangu ni kwamba bila sarafu zake, na bila watu waliozikusanya na kuzitunza, tungemjua kama haramia tu. Hata hivyo, nitaonyesha pia kwamba sarafu yenyewe ni ngoma iliyowambwa na mtu, na kwamba mkusanyaji asiye makini anaweza kuuharibu ushahidi anaodhani anauhifadhi.

Kwanza, ni vema tufahamu hali ya dola ya Roma wakati huo. Karne ya tatu ilikuwa karne ya misukosuko. Makaizari walipanda na kushuka upesi, wengi wao wakiuawa na askari wao wenyewe. Fedha nayo ilioza. Mwaka 215 Kaizari Caracalla alitoa sarafu mpya ambayo wataalamu huiita antoniniani. Mwanzoni ilikuwa na fedha halisi nyingi, lakini kila mtawala aliyehitaji kulipa jeshi aliipunguza fedha na kuongeza shaba. Ilipofika mwaka 270 hivi, sarafu hiyo ilikuwa kipande cha shaba kilichopakwa fedha juu juu, na fedha iliyobaki ndani haikufika hata sehemu moja katika ishirini. Mwaka 284 Diocletian alishika madaraka, na mwaka 286 akamfanya Maximian kuwa Kaizari mwenzake wa kutawala upande wa magharibi.

Carausius alikuwa mtu wa Menapia, pwani ya nchi ambayo leo ni Ubelgiji na Uholanzi. Alijipatia sifa katika vita vya Maximian huko Galia, yaani Ufaransa ya leo, kisha akapewa kazi ya kuongoza meli za kivita kutoka bandari ya Boulogne ili kuwazuia maharamia wa Kifranki na Kisaksoni. Mwandishi Eutropius anaeleza kwamba alishukiwa kuwaacha maharamia wapore kwanza, halafu awakamate wakiwa na mali na asiirudishe yote kwa wenyewe wala kuipeleka kwa Kaizari. Maximian aliamuru auawe. Carausius alipopata habari hakusubiri upanga. Alijitangaza Kaizari, akaishika Britania pamoja na sehemu ya pwani ya Galia. Maximian alijaribu kumng'oa akashindwa, na baadaye wasifu wa watawala walidai kwamba bahari ndiyo iliyoleta kikwazo.

Hayo ndiyo karibu yote tunayopewa na vitabu. Hotuba za sifa zilizosomwa mbele ya Maximian na Constantius humwita haramia na hazimtaji hata kwa jina. Je, kuna adhabu kubwa kwa mtawala kuliko kutotajwa? Mawe nayo yamenyamaza. Jiwe moja tu lenye jina lake linajulikana, nalo ni nguzo ya kuonyesha masafa barabarani, iliyopatikana karibu na Carlisle mwaka 1894. Jiwe hilo lilipinduliwa juu chini, jina la Carausius likazikwa ardhini, na upande wa pili likachongwa jina la Constantine. Kwa bahati, kuzikwa huko ndiko kulikolihifadhi jina lake kamili: Marcus Aurelius Mausaeus Carausius.

Sarafu hazikuweza kupinduliwa kwa urahisi namna hiyo. Zilikuwa nyingi mno, zimetawanyika mifukoni, sokoni na katika vyungu vilivyofukiwa. Tukizisoma, tunamkuta mtu tofauti na yule wa hotuba. Sarafu zake za mwanzo mara nyingine ziligongwa juu ya sarafu kuukuu za watawala waliomtangulia, na maandishi ya zamani bado yanaonekana chini ya yale mapya. Hilo linaonyesha haraka aliyokuwa nayo: askari wanasubiri mshahara na mafundi hawajapata muda wa kutengeneza vipande vipya. Lakini baada ya muda mfupi alitoa denari za fedha nzuri, jambo ambalo dola nzima ilikuwa imelisahau kwa miaka mingi. Diocletian mwenyewe alianza kutoa fedha safi karibu mwaka 294, wakati Carausius alikwisha kufa. Kwa mwanajeshi aliyezoea kulipwa shaba iliyopakwa rangi, denari hiyo ilikuwa hoja nzito kuliko hotuba yoyote.

Aidha, maneno yaliyo kwenye sarafu hizo yanatueleza alivyotaka kuonekana. Kwenye aina moja, Britania amechorwa kama mwanamke anayempa Kaizari mkono, na maneno EXPECTATE VENI, yaani njoo, ewe uliyetarajiwa. Hapo mtu aliyekimbia hukumu ya kifo anajitokeza kama mkombozi aliyeitwa na nchi. Sarafu nyingine zinataja majina ya lejioni, vile vikosi vikuu vya jeshi la Roma. Baadhi zilikuwa na makao Britania na nyingine ng'ambo ya bahari, bila shaka kwa nia ya kuwavuta askari wa upande wa pili.

Jambo lililowasumbua wataalamu kwa muda mrefu ni herufi RSR zilizo chini ya picha kwenye denari nyingi, mahali ambapo kwa kawaida huwekwa alama ya karakana. Wengi walidhani ni kifupi cha cheo cha ofisa wa fedha. Mwaka 1998 mwanahistoria Guy de la Bédoyère alitoa maelezo mengine. Alizilinganisha na herufi INPCDA zilizo kwenye medali ya Carausius katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, akaonyesha kwamba makundi yote mawili ni herufi za mwanzo za maneno yanayofuatana katika shairi la nne la Eklogi za Virgil, mshairi mkubwa wa Kirumi. Mahali hapo mshairi anatabiri kurudi kwa enzi ya dhahabu na kuja kwa kizazi kipya kutoka juu. Kwa hiyo mtu ambaye Eutropius anasema alizaliwa katika hali duni alikuwa akizungumza na raia wake kwa mafumbo ya fasihi ya hali ya juu, na alitarajia wapo watakaoyafumbua.

Ujanja wake wa kisiasa unaonekana zaidi katika sarafu yenye vichwa vitatu vikiwa bega kwa bega: Carausius, Diocletian na Maximian. Maandishi yake yanasema CARAVSIVS ET FRATRES SVI, yaani Carausius na ndugu zake. Nyingine zinataja amani ya Makaizari na kuandika AVGGG, herufi G tatu zikiwa na maana ya watawala watatu. Hapa ndipo tunapopaswa kuwa waangalifu. Msomaji wa haraka angesema kwamba watatu hao walipatana. La hasha. Diocletian na Maximian hawakutoa sarafu ya kumwita Carausius ndugu. Undugu huo ulikuwa ombi la upande mmoja lililovaa mavazi ya mapatano. Sarafu haisemi yaliyotokea. Inasema yale ambayo mwenye karakana alitaka yaaminiwe. Hata hivyo, tamaa ya mtawala nayo ni sehemu ya historia, na hakuna kitabu kilichobaki kinachotueleza tamaa hiyo waziwazi kama kipande hiki cha shaba.

Sasa tuwageukie wakusanyaji wenyewe. Katika karne ya kumi na nane, daktari William Stukeley alikusanya habari za sarafu za Carausius kwa bidii kubwa na kuandika historia nzima ya mtawala huyo kwa kuzitegemea, katika juzuu mbili zilizotoka mwaka 1757 na 1759. Kabla ya hapo, mwaka 1752, alichapisha kijitabu kuhusu mwanamke aitwaye Oriuna, ambaye alidai alikuwa mke wa Carausius. Ushahidi wake ulikuwa sarafu moja ya fedha yenye kichwa cha mwanamke na maneno ORIVNA AVG. Msomi mwingine alimpinga na kudai kwamba Oriuna alikuwa mungu mlezi. Wote wawili walikuwa wanabishana juu ya kivuli. Sarafu ilikuwa imeharibika, na neno lenyewe ni FORTVNA, yaani Bahati, mungu wa kike aliyejulikana kila pembe ya dola. Kwa ajili ya herufi zilizofutika, Kaizari aliozwa mke miaka zaidi ya 1,400 baada ya kufa. Kisa hiki huchekesha, lakini kina funzo: kipande kimoja kisicholinganishwa na vingine vya aina yake ni shahidi dhaifu. Nguvu ya mkusanyo iko katika ulinganisho.

Nguvu nyingine iko katika kujua sarafu ilitoka wapi, na kwa jambo hili mfano bora ni hazina ya Frome. Mnamo Aprili 2010, mtu mmoja aliyekuwa akitafuta vitu vya kale kwa kifaa cha kugundua metali katika shamba karibu na Frome, mkoani Somerset, aligundua mdomo wa chungu kikubwa kilichojaa sarafu. Angeweza kuzichota, kuzitia gunia na kwenda zake. Badala yake aliacha kuchimba na kuwaita wanaakiolojia. Chungu hicho kilikuwa na sarafu 52,503 zenye uzito wa kilo 160 hivi, na zaidi ya 760 kati yake zilikuwa za Carausius, zikiwemo denari tano za fedha.

Kwa kuwa wanaakiolojia waliziondoa tabaka kwa tabaka, waligundua jambo ambalo gunia lisingeweza kulieleza. Sarafu za Carausius, ambazo ndizo za mwisho kwa umri, hazikuwa juu kabisa. Nyingi zilikuwa chini ya sarafu zilizozitangulia kwa miaka. Kama chungu kingekuwa kibubu cha mtu aliyeweka akiba kidogo kidogo, zingekaa juu. Basi chungu kilijazwa kwa mara moja, pengine na jamii nzima, na baadhi ya wataalamu wanaona kwamba huenda ilikuwa sadaka kwa miungu. Chini ya Sheria ya Hazina ya mwaka 1996, hazina hiyo ilithaminiwa kwa pauni 320,250, kiasi ambacho mgunduzi na mwenye shamba waligawana, na leo imehifadhiwa katika Makumbusho ya Somerset mjini Taunton. Hivyo, uaminifu haukumnyima mgunduzi haki yake, na uliwapa watu wote ujuzi.

Wapo watakaouliza: je, haya yanatuhusu nini sisi wa Afrika Mashariki? Jibu ni kwamba kanuni ni ile ile. Kilwa ilitoa sarafu za shaba zenye majina ya masultani wake, na sarafu moja ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman ilipatikana katika magofu ya Zimbabwe Kuu, mbali sana na pwani. Kama mtu angeiokota kimya kimya na kuiuza mjini, ingekuwa kipande cha shaba chenye maandishi ya Kiarabu tu. Kwa kuwa mahali ilipopatikana panajulikana, inashuhudia uhusiano kati ya pwani na bara. Anayeinunua sarafu ya kale bila kuuliza imetoka wapi analipia chuma na kuitupa habari.

Carausius aliuawa mwaka 293, akisalitiwa na ofisa wake Allectus, baada ya Constantius kuinyakua Boulogne. Mwaka 296 majeshi ya Constantius yalimshinda Allectus na kuirudisha Britania chini ya Roma. Mshindi naye alitoa fedha yake. Medali ya dhahabu iliyopatikana Beaurains, karibu na Arras, mwaka 1922, inamwonyesha Constantius akiwa juu ya farasi, London ikimpokea kwa magoti, na maneno yanayomwita mrudishaji wa nuru ya milele. Tuiweke medali hiyo kando ya sarafu ya EXPECTATE VENI. Nchi ni ile ile, mapokezi yale yale, mkombozi tofauti.

Kwa kuhitimisha, sarafu za Carausius hazithibitishi kwamba alikuwa mtawala mwema, wala hazifuti tuhuma za wizi. Zinachofanya ni kumrudishia sauti ili asikilizwe pamoja na waliomshtaki. Sauti hiyo ilitufikia kwa sababu vyungu vilifukiwa na baadhi ya waliovifukua walikuwa na subira ya kulinganisha, kuandika na kuwaita wenye ujuzi. Kazi ya mwanahistoria ni kusikiliza ngoma zote mbili, akikumbuka kila mara kutazama ni mkono wa nani uliozivuta ngozi.