Shirikisho la Vitara Kenya: Msingi Uliotangulia Medali

Shirikisho la Mchezo wa Vitara Kenya liliundwa mwaka 2019, na mwanzilishi wake, Alexandra Ndolo, wakati huo alikuwa bado akipigania bendera ya Ujerumani. Alizaliwa Bayreuth, baba Mkenya na mama Mpolandi, na mwaka huohuo alitwaa shaba katika mashindano ya Ulaya mjini Düsseldorf. Wapo wanaodai kwamba shirikisho lilibuniwa ili kumsafishia njia mtu mmoja tu. Tarehe zinakataa. Ndolo alianza kuiwakilisha Kenya mwishoni mwa 2022, miezi michache baada ya kushinda fedha ya dunia mjini Cairo, pale alipozidiwa na Song Sera wa Korea Kusini katika fainali ya epee, mojawapo ya silaha za vitara. Kwa miaka mitatu, basi, alikuwa amejenga chombo ambacho yeye mwenyewe hakukitumia. Ni kweli kwamba bila shirikisho la taifa lenye uanachama wa shirikisho la kimataifa, hakuna mchezaji anayeweza kushindana kwa jina la nchi yake. Lakini mlango huo ukishafunguka hauulizi anayepita ni nani, na ndiyo maana naona kazi ya 2019 kuwa kubwa kuliko hata safari ya Paris 2024, ambako Ndolo alikuwa Mkenya wa kwanza kucheza vitara katika Olimpiki, akatolewa na Olena Kryvytska wa Ukraine.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba huu ni mchezo wa kigeni, tena wa wenye nazo. Vifaa ni ghali, hilo halina ubishi: barakoa, koti, kitara chenye waya, mashine ya kuhesabu miguso. Ila ugeni wenyewe una mipaka. Lamu wana kirumbizi, ambapo wanaume wawili huingia uwanjani na bakora, kila mmoja akimsoma mwenzake miguu na macho. Anayeufahamu mchezo huo hatashangazwa na epee. Na Huruma, Nairobi, klabu ya Tsavora Fencing Mtaani ya Mburu Wanyoike, aliyejifunza mchezo huu Afrika Kusini, inawafundisha vijana wa mtaani ambao hakuna atakayewaita matajiri. Misri na Tunisia nazo zimekwisha kupanda jukwaa la Olimpiki, tangu fedha ya Alaaeldin Abouelkassem mwaka 2012 hadi ile ya Fares Ferjani mwaka 2024.

Kinachokosekana kati ya mtaa na Olimpiki ni vyuo vikuu. Chukua viwili vilivyo karibu na Nairobi. Ukikata kona Kyumbi, ukaiacha barabara ya Mombasa, unaelekea Chuo Kikuu cha Machakos, kilichopata hati yake mwaka 2016. Chuo Kikuu cha Daystar nacho kina kampasi upande wa Athi River. Uwanja wa vitara una urefu wa meta 14 na upana usiozidi meta 2, kwa hiyo ukumbi mmoja wa mikutano unatosha viwanja kadhaa. Atakayesema mwanafunzi wa miaka 19 amechelewa akumbuke kwamba Ndolo mwenyewe alipitia pentatloni ya kisasa, ambayo vitara ni sehemu yake, kabla ya kushika epee peke yake. Seti chache za vifaa vya pamoja, zikibaki chuoni kila kundi linapohitimu, zingepunguza gharama kwa kila anayefuata, na mkufunzi mmoja angeweza kuhudumia vyuo vyote viwili kwa wiki moja.