Damu na Mawazo

Ukiambiwa kwamba fulani "ana mawazo", huulizi ni mawazo gani. Unajua kwamba halali usiku, chakula hakimshuki, na akiitwa haitiki mpaka mara ya tatu. Haiti nako wanalo neno kama hilo. Kwa Kikrioli husema "reflechi twòp", kuwaza kupita kiasi, na wakisema hivyo wanataja maradhi. Wengine husema mtu "anakalkile": akili inapiga hesabu isiyofika mwisho.

Wapo wasomi wa huko huko waliojaribu mapema kuielewa lugha hiyo ya mateso ya nafsi. Mwanzoni mwa karne ya 20, daktari J. C. Dorsainvil aliandika kwamba mtu anayepandwa na mizimu katika ibada ya vodou ana ugonjwa wa neva. Kizazi kimoja baadaye akaja Louis Mars, mtoto wa mwanazuoni Jean Price-Mars. Mwaka 1946 alichapisha kitabu kuhusu hali hiyo hiyo ya kupandwa, na anatajwa kuwa ndiye aliyebuni neno etnosaikiatria, taaluma inayotaka maradhi ya akili yatazamwe pamoja na utamaduni wa mgonjwa. Mwishoni mwa miaka ya 1950, jina lake liliwekwa pamoja na la Mmarekani Nathan Kline kwenye kituo cha magonjwa ya akili mjini Port-au-Prince.

Lakini miaka hiyo hiyo dikteta François Duvalier alishika madaraka, na wasomi wakaanza kukimbia. Madaktari na walimu walikwenda New York na Montreal. Wengine walifika hadi Kongo, iliyokuwa imepata uhuru mwaka 1960 na ilikuwa na njaa ya walimu. Maskini walifuata baadaye, kwa mashua. Desemba 1972 mashua moja ilitia nanga Pompano Beach, Florida, ikiwa na watu 65, na katika miaka iliyofuata wakaja maelfu. Wacuba waliokuwa wakitua pwani hiyo hiyo walipokewa kama wakimbizi. Wahaiti wengi waliishia kizuizini au walirudishwa.

Hapa sina budi kutua, kwa sababu ndipo penye jeraha ambalo waganga wa nafsi walikuja kulikuta miaka mingi baadaye.

Haiti huaminiwa kwamba huzuni, hofu au ugomvi mkali huharibu damu. Huita hali hiyo "move san", damu mbaya. Mama anayenyonyesha akipatwa na mshtuko, damu hiyo hupanda, na maziwa yake nayo huharibika. Paul Farmer, daktari aliyefanya kazi miaka mingi katika vijiji vya Haiti, aliieleza imani hiyo kwa kina mwaka 1988. Kwa watu hawa, damu ndimo machungu yanamoandikwa.

Na ndiyo damu hiyo iliyonyooshewa kidole. Mwaka 1982 idara ya Marekani ya kudhibiti magonjwa iliwahesabu Wahaiti miongoni mwa makundi yaliyo hatarini kwa ukimwi, kundi pekee lililotajwa kwa utaifa wake. Watu walifukuzwa kazi. Watoto shuleni walificha walikotoka, wakaacha kuzungumza Kikrioli mbele za wenzao. Wahaiti waliondolewa katika makundi hayo mwaka 1985, lakini mwaka 1990 serikali ilikuja na katazo jipya: Wahaiti wasichangie damu. Tarehe 20 Aprili mwaka huo makumi ya maelfu yao walivuka daraja la Brooklyn kwa miguu kuandamana, na kabla ya mwaka kwisha katazo likafutwa. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi: watu wanaosema machungu huharibu damu waliambiwa na dola kwamba damu yao ni mbaya.

Sasa mfikirie mama aliyeyabeba hayo, ameketi mbele ya daktari huko Boston au Miami. Anasema damu yake imeharibika. Anapelekwa maabara, majibu yanarudi safi, anaambiwa hana ugonjwa. Mkalimani wake ni binti yake wa miaka 12. Mbele ya mtoto atasema nini? Atasema kichwa kinauma. Akitajiwa daktari wa akili anashtuka, maana "fou", kichaa, ni jina linaloutia doa ukoo mzima.

Waliofungua njia walikuwa wataalamu Wahaiti wenyewe. Huko Cambridge, Massachusetts, ilianzishwa kliniki ya afya ya akili kwa ajili ya Wahaiti, ambako mgonjwa huhudumiwa kwa Kikrioli. Mwaka 2002 Astrid Desrosiers na Sheila St. Fleurose waliwaandikia matabibu wenzao juu ya nafasi ya familia, dini na vodou katika tiba. Mwaka 2007 mwanasaikolojia Guerda Nicolas na wenzake walionyesha kwamba sonona kwa wanawake wahamiaji wa Haiti huja kwa sura tatu: maumivu ya mwili, huzuni inayotafuta nafuu kwa Mungu, na vita visivyo na ushindi.

Kisha likaja tetemeko la tarehe 12 Januari 2010. Wahaiti waliliita "goudougoudou", kwa mlio wake. Walioko ugenini waliusikia kupitia simu ambazo hazikupokelewa. Mwaka huo wataalamu wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, walikusanya kwa ajili ya Shirika la Afya Duniani yaliyojulikana kuhusu utamaduni na afya ya akili ya Wahaiti. Mwaka 2015 ilichapishwa hojaji ya Kikrioli yenye maswali 13 ya kupima sonona, iliyotengenezwa pamoja na shirika la Zanmi Lasante la huko huko Haiti. Ilichanganya dalili za vitabuni na maneno ambayo watu wenyewe hutumia wakilalamika.

Pale muuguzi anapokijua Kikrioli, mama huingia chumbani peke yake. Binti hubaki nje kwenye benchi, na madaftari yake ya shule magotini.