Vumbi la kobalti linafanya nini ndani ya seli za mtoto?

Mutoshi, kule zamani Ruwe, vumbi la madini linaingia mpaka kwenye sahani. Kikohozi, kila mtu anakijua. Lakini kuna jambo lisiloonekana kwa macho, na lilipimwa hapa hapa Kolwezi, katika kartie ya Kasulo, ambako watu walichimba mashimo ya kobalti ndani ya viwanja vyao.

Mwaka 2018, Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Benoit Nemery wa Leuven, Ubelgiji, na wenzao walitoa matokeo: wakaaji wa Kasulo walikuwa na kobalti nyingi sana kwenye damu na mkojo kuliko watu wa kartie ya karibu isiyo na machimbo. Tofauti ilizidi kwa watoto. Na kwa watoto hao walikuta pia dalili za ADN kuharibika.

ADN ni nini basi? Ni maandishi ya mwili, yenye herufi 4 tu: A, T, C na G. A inashikana na T, C inashikana na G. Seli ikitaka kugawanyika, nyuzi 2 za ADN zinafunguka kama zipu, kila uzi unaandikiwa mwenzake mpya. Ni kunakili herufi mabilioni! Ile mashine inayoandika inasoma tena kazi yake na kufuta kosa. Likipita, wasahihishaji wengine wanalifuata nyuma. Mwishowe linabaki kosa 1 hivi kwa herufi bilioni. Hakuna karani wa komini anayefika hapo.

Kobalti inavuruga kazi hiyo. Inazalisha ndani ya seli oksijeni ya aina kali, inayounguza herufi G. G iliyoungua inaweza kushikana na A badala ya C, na kosa linanakiliwa. Kawaida fundi wa seli anaikata, anaweka nzima. Mabaki ya uharibifu yanatoka na mkojo, ndiyo maana yanapimika. Ila majaribio ya maabara yanaonyesha kobalti inazuia hata baadhi ya mafundi hao.

Si kusema kila mtoto atapata kansa. Uharibifu mwingi unatengenezwa. Shida ni mtoto kuvuta vumbi kila siku, miaka na miaka. Mwaka 2022, IARC, shirika la utafiti wa kansa, liliweka metali ya kobalti kati ya vitu ambavyo yaelekea vinaleta kansa kwa binadamu.

Kasulo, kobalti ilikutwa hata kwenye vumbi la ndani ya nyumba. Mtoto anatambaa pale, anatia vidole kinywani. Kufagia pakavu kunalirusha. Kitambaa chenye maji kinalishika. Na nguo za shimoni zisioshwe kwenye beseni moja na za mtoto.